Mshukuru baba kwa chumba, kwa ndoo na kwa kota: jibu kwa binti wa fundi wa reli

Swali: "Wazazi wangu walifunga ndoa mwaka 1975, na Desemba hii watatimiza miaka 50. Baba ana miaka 77, ni fundi wa mabehewa aliyestaafu, na si mtu wa maneno. Katika familia yetu mama ndiye anayesifiwa kwenye kila shughuli, naye anastahili, lakini kadiri umri unavyosonga ninaona kwamba baba hatujawahi kumwambia lolote. Nimefikiri kumwandalia kijitabu kuhusu nyumba walizoanzia maisha: chumba cha kupanga Magomeni, kisha kota ya reli Tabora nilikozaliwa mimi mwaka 1980, kisha nyumba waliyojenga Morogoro. Tatizo ni kwamba kila nikimuuliza hujibu, 'Maisha yalikuwa ya kawaida tu, mwanangu,' kisha anawasha redio. Nifanyeje?"

Dada yangu, kazi yangu kwa zaidi ya miaka 20 imekuwa kukaa na wazee na kurekodi masimulizi yao kwa ajili ya watoto na wajukuu wao, na barua kama yako huwa zinanifikia zikiwa zimechelewa. Yako imefika kwa wakati. Baba yupo, mama yupo, na wewe mwenyewe umeshaona kwamba njia ya kumfikia inapitia milango ya nyumba walizokaa. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu jambo hili mimi mwenyewe nililikosea.

Kwetu, maisha ya baba husimuliwa hadharani mara moja tu, siku ya mazishi, pale mmoja wa watoto anaposimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Karatasi hiyo huandikwa usiku wa msiba, watu wakiwa wamechoka, mmoja akiuliza mwaka wa kuajiriwa na mwingine akipiga simu kuuliza jina la shule ya msingi. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alihamishwa, alistaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kila mstari ni wa kweli, na hakuna hata mmoja ambao usingeweza kusomwa kwenye kaburi la jirani. Mimi nilisoma karatasi ya namna hiyo juu ya baba yangu mzazi. Watu walipokuwa wanatawanyika, mzee mmoja aliyewahi kupanga naye nyumba moja mjini alinishika mkono, akaniambia kwamba mama alipokuwa na mimba yangu, baba alikuwa akiamka saa 9 usiku kwenda kupanga ndoo kwenye bomba la mtaa, kwa kuwa maji yalitoka usiku tu; akijaza pipa la mama, kisha ndoo mbili za mjane aliyekaa chumba cha mwisho, halafu akienda kazini kwa miguu. Alilifanya hilo kwa miezi, na nyumbani kwetu halikutajwa hata siku moja. Nilikuwa na miaka 41 siku ile, na ndiyo kwanza ninasikia. Mpaka leo natamani ningalipata nafasi ya kumwambia, "Baba, asante kwa yale maji."

Ninakusimulia hayo kwa sababu ndani yake mna jibu langu lote. Baba wa kizazi hicho hashukuriki kwa sifa. Anashukurika kwa jambo alilolitenda, lenye mahali pake na saa yake. Ukimwambia "asante kwa yote" atakuitikia "haya, mwanangu" na kuendelea na chai yake, kwa kuwa "yote" si kitu ambacho mkono wake uliwahi kukishika. Ukimwambia "asante kwa kulala barazani wiki 3 mimi nilipozaliwa," atatulia. Kazi yako kati ya leo na Desemba, basi, ni kuyatafuta mambo ya namna hiyo, na nyumba za mwanzo ndizo ghala lake, kwa sababu katika miaka ile ya kwanza ya ndoa hapakuwa na watoto wa kushuhudia wala ndugu wa kupongeza. Walikuwa wawili tu, na kila alichokifanya mmoja kwa ajili ya mwenzake kilibaki baina yao.

Sasa, kuhusu lile jibu lake la "kawaida tu." Usidhani kwamba anakukwepa. Kwa upande wake ni jibu la kweli kabisa. Vijana wote aliofanya nao kazi walipanga chumba kimoja, walilalia godoro la sufi, walipikia mkaa na kungoja mwisho wa mwezi, na mtu haoni ajabu katika jambo ambalo jirani yake naye analo. Isitoshe, "maisha yalikuwaje?" ni swali pana mno kwa mtu aliyetumia miaka yake ya kazi kukagua bolti moja baada ya nyingine. Fundi huulizwa kuhusu kitu. Muulize kuhusu mlango ulikuwa wa mbao gani na ulifungwaje, utashangaa jinsi redio itakavyosahaulika.

Kwa hiyo anza na karatasi tupu na penseli, umwambie, "Baba, nichoree ile nyumba ya Magomeni." Nyumba za Kiswahili za Dar es Salaam kwa kawaida zilifuata ramani moja: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba 3 kila upande, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo vinavyotumiwa na wapangaji wote. Kwa kuwa ramani inafanana, atakapokuwa anachora atalazimika kueleza kilichoitofautisha nyumba yao na nyingine. Chumba chao kilikuwa cha ngapi kutoka mlango mkubwa, upande wa kulia au wa kushoto? Dirisha lilitazama njia au ua? Mwenye nyumba alikaa humo humo au alikuja kuchukua kodi tu? Mkabala nao alikaa nani, na wakati wa kupika nani aliweka jiko lake wapi? Usimharakishe, na akikosea mstari mwache aufute mwenyewe, kwa maana katika kufuta na kuchora upya ndipo majina ya majirani yanaporudi.

Mkishapata kuta, ingizeni vitu. Kitanda kilikuwa cha futi ngapi, nani alikinunua, na kilipitaje mlangoni? Sanduku la bati la mama lilikaa chini ya kitanda au juu ya kabati? Pazia la kugawa chumba lilikuwepo tangu siku ya kwanza, au lilikuja baadaye? Walikuwa na jiko la mchina, au la mkaa peke yake? Taa ilikuwa kandili, kibatari, au umeme ulikuwepo? Vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu walivitandika juu ya viti vyote, mama yako alivifuma humo chumbani au alikuja navyo kutoka kwao? Kila kitu kimoja kina bei yake, na kila bei ina mshahara uliokatwa nyuma yake, na hapo ndipo utakapoanza kumwona kijana wa miaka 27 akihesabu shilingi. Wala usimuulize moja kwa moja alijinyima nini. Muulize kitu kilinunuliwa lini na kwa mkopo wa nani, nawe utaona mwenyewe ni miezi mingapi alikwenda kazini na viatu vile vile.

Kuna swali moja ambalo halijawahi kuniangusha, na ninakuomba uliweke akilini: mgeni alilala wapi? Katika chumba kimoja cha mji, wageni kutoka kijijini walikuja bila taarifa na walikaa wiki, wengine mwaka mzima wakitafuta kazi. Na zaidi ya hao, mama mkwe. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, bibi yenu mzaa mama huenda alikuja kumwuguza bintiye, na kwa adabu yetu mkwe wa kiume hawezi kulala chumba kimoja na mama mkwe wake hata kama pazia ni zito kiasi gani. Basi baba yako alilala wapi siku hizo? Nimekutana na wazee waliolala barazani, waliolala kwa rafiki kitanda kimoja watu watatu, na waliojipangia zamu za usiku kazini ili mchana walale kwa saa chache wakati mkwe yuko uani. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba hilo lilikuwa jambo la kushukuriwa. Wote walisema lilikuwa la kawaida.

Tabora ni simulizi ya aina nyingine, kwa sababu kota haikuwa nyumba yao, ilikuwa ya mwajiri. Ilikuja na barua ya uhamisho na iliweza kuondoka na barua ya uhamisho. Muulize siku ile barua ilipofika: nani alimweleza mama, na kwa maneno gani? Mwanamke aliyeanza kuzoea mji, aliyekwisha kupata mashoga wa kusukana nao nywele uani, anaambiwa wafunge mizigo kuelekea mahali ambapo njia ya reli ya Mwanza inaachana na ile ya Kigoma. Safari yenyewe ina mengi ya kusimuliwa: mizigo ilikwenda kwa behewa gani, kitanda kilifunguliwa na nani, walikula nini njiani, nani aliwapokea stesheni. Kwa mtu wa reli, safari hiyo ni sehemu ya ndoa.

Ili kuweka miaka sawa, tafuta karatasi zake za kazi, na uzitazame vichwa. Mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli wa Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa chini ya shirika moja lenye makao yake makuu Nairobi. Baada ya hapo reli ya kwetu ikawa chini ya Shirika la Reli Tanzania. Barua yenye kichwa cha shirika la zamani inaonyesha tukio la kabla ya mwaka huo au la wakati ule wa mpito, na baba anapokushikia barua hiyo mkononi hatasema tena kwamba hakumbuki. Cheti cha ndoa nacho kitazame vizuri, kwa maana walioana miaka 4 tu baada ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na cheti hutaja majina ya mashahidi. Shahidi aliye hai ni hazina. Mtafute kabla ya kumtafuta mpiga picha wa sherehe.

Miaka yao ya Tabora iliangukia katika kipindi kigumu, na hapa ninakusihi uwe mpole. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vikiambatana na kupanda kwa bei ya mafuta duniani na uchumi uliokuwa umeshachoka, viliacha maduka bila bidhaa. Sukari, sabuni, unga na nguo vilipatikana kwa foleni, na watu wengi walikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, wakishukuru kwamba upo. Wewe umezaliwa mwaka 1980, katikati ya hayo yote. Basi lipo swali lenye jina lako ndani yake: nepi zangu zilifuliwa kwa sabuni gani, na sabuni hiyo ilitoka wapi? Nina hakika kwamba baba yako anajua. Lakini elewa kwamba anaweza kunyamaza. Mwaka 1983 kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, na hofu yake iliwafikia hata watu wadogo, wakatupa bidhaa walizokuwa nazo ndani wasije wakaonekana walanguzi. Mzee ambaye aliwahi kupata kilo 2 za sukari kwa mlango wa nyuma, kwa ajili ya uji wa mtoto, anaweza kubeba aibu hiyo kwa miaka 40 huku wewe ukiiona kuwa ni upendo. Mwambie hivyo, kwa sauti, kabla hajakujibu: "Baba, sikuulizi nikuhukumu. Nataka kujua ulihangaika vipi kwa ajili yangu." Akiendelea kunyamaza, rudi kwenye ramani ya kota na umuulize bustani ya mchicha ilikuwa upande gani.

Nyumba ya Morogoro sitaisemea sana, kwa kuwa ninyi watoto mliikuta au mliiona ikipanda. Tafuta tu risiti za saruji na bati kama zipo, na uulize ni chumba gani kilichoezekwa kwanza, na walihamia ikiwa bado haina nini. Wengi walihamia bila dari na bila milango ya ndani, ilimradi kodi iishe.

Sasa mama. Umeandika kwamba yeye ndiye anayesifiwa, na nimehisi katika barua yako woga kwamba kumwinua baba kutaonekana kumshusha mama. Sivyo, kama utafanya jambo moja: waulize kila mmoja peke yake kuhusu mwenzake. Nyumba hizo zilikuwa za wote wawili, lakini kila mmoja aliziona kutoka upande wake, yeye aliyeshinda uani kutwa na yeye aliyerudi jioni akiwa na mafuta ya mashine mikononi. Mama ndiye shahidi wa yale ambayo baba hatayasema kamwe kuhusu nafsi yake, na kinyume chake ni kweli vile vile. Muulize mama, "Miaka ile ya chumba kimoja, baba alifanya nini ambacho sisi hatukijui?" Kisha kaa kimya. Atafikiri, atacheka kidogo, pengine atasema baba alikuwa mkali, na baada ya hapo atakutajia jambo. Watakapotofautiana, mmoja akisema pazia lilikuwa la maua na mwenziwe akisema la mistari, mmoja akisema walikaa Magomeni mwaka mmoja na mwenziwe miwili, andika yote mawili na majina ya waliosema. Usiwakutanishe wakuamulie nani mkweli. Nimeona ndoa ya miaka mingi ikinuniana siku mbili kwa sababu ya rangi ya pazia.

Yapo pia maswali ambayo wewe kama binti huwezi kumuuliza baba yako bila kuvunja heshima: jinsi alivyomposa mama, mahari ilivyotafutwa, walivyokorofishana mwaka wa kwanza. Hapo watumie watu wawili ambao desturi yetu imewapa ruhusa. Wa kwanza ni mjukuu. Babu na mjukuu ni watani, na kijana wa miaka 12 akiuliza, "Babu, wewe bibi ulimpata vipi na ubishi wako huu?" anapata jibu refu ambalo wewe usingelipata kwa mwaka mzima. Mkalishe karibu na babu yake, simu ikirekodi mezani kwa ridhaa ya mzee, na wewe uende jikoni. Wa pili ni shangazi. Dada wa baba anajua kaka yake alikuwa kijana wa namna gani kabla ya kuwa mume, alilia lini, alimwogopa nani, na alimwambia nini siku aliporudi kutoka kwa wakwe. Kama shangazi yuko hai, nenda kwake kwanza, na usiende mikono mitupu.

Si kila chumba kina furaha. Katika miaka hiyo ya kwanza familia nyingi zilizika mtoto, na baadhi ya wanaume walikunywa, au walipotea nyumbani kwa majuma, au waliinua mkono. Ukifika mahali ambapo mzee ananyamaza na macho yanabadilika, zima simu, umshike mkono, umwache aamue mwenyewe kama atasema. Na kama ulichokipata kinakuumiza, usikipake rangi kwenye kijitabu wala usikitangaze mbele ya wageni. Shukrani haidai kwamba baba awe malaika. Unaweza kumshukuru mtu kwa dhati kwa ndoo za maji, na bado ukabaki na jambo moja ambalo mnalizungumza wawili, siku nyingine.

Kuhusu kijitabu chenyewe, kifanye kidogo. Kurasa 20 zinatosha: ramani 3 alizochora kwa mkono wake, maana huo ndio mwandiko utakaobaki, picha chache, na maneno yao kama walivyoyasema, pamoja na makosa yao na lafudhi yao. Picha za zamani za studio usizibandike kwa gundi wala usiziandike nyuma kwa kalamu ya wino. Tumia penseli laini, taja nani, wapi na mwaka gani, kisha zipige kwa simu mchana penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Sauti ulizorekodi zihifadhi katika sehemu zaidi ya moja, kwa sababu simu hupotea.

Kama nguvu zake zinaruhusu, mpeleke Magomeni. Mjiandae, wewe na yeye, kwamba nyumba huenda haipo. Mji ule umebadilika sana, na hata kota za zamani za Magomeni zilibomolewa, yakajengwa maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022. Lakini nimemwona mzee akisimama mbele ya ghorofa asilolijua, akageuka mpaka akauona msikiti, akahesabu hatua, akasema, "Hapa palikuwa na bomba." Hakuhitaji nyumba iwepo.

Siku ya sherehe, usisome kijitabu chote, wala usimwombe ajibu. Chagua jambo moja, lile ambalo ulipolisikia kwa mara ya kwanza ulinyamaza, ulitaje kwa mahali pake na mwaka wake, kisha umwambie asante kwa hilo, mama akiwa amekaa pembeni yake kama shahidi. Pengine atainuka aende kutazama kama wapishi wamepata maji ya kutosha. Mwache aende. Atakuwa amesikia.

Jumamosi hii nenda kwake na karatasi, penseli mbili na kifutio. Mkishakunywa chai, kabla hajawasha redio, muulize mlango wa chumba chao ulifungukia ndani au nje.